Sindano ya kukomaza mapafu ya njiti: Liggins aliifikiaje kupitia kondoo, na kwa nini ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kupokelewa?

Kengele_ya_Darasa:

Wakuu, habari za humu. Naandaa kipindi cha wanafunzi wa uuguzi na ukunga mwaka wa pili. Mada ni sindano anazochomwa mama ili kukomaza mapafu ya mtoto pale dalili za kujifungua zinapoanza kabla ya wakati. Dozi wameikariri vizuri tu. Wanapokwama ni kwenye "kwa nini": kwa nini deksamethazoni na si prednisoloni, kwa nini mara nne, hizo saa 24 zinahesabiwa tangu lini, kwa nini tunaishia wiki ya 34.

Nataka nianzie kwa mtafiti mwenyewe, Graham Liggins wa New Zealand, halafu ndipo nishuke wodini. Naomba msaada kwenye haya:

1. Inasemekana alikuwa anatafuta kitu kingine kabisa. Kitu gani, na kondoo waliingiaje?
2. Jaribio la kwanza kwa kina mama lilipangwaje? Naomba namba halisi, si "lilionyesha mafanikio makubwa".
3. Matokeo yalichapishwa 1972, Marekani wakaja kupendekeza rasmi 1994. Kilichokwamisha ni nini?
4. Kuna utafiti uliofanyika nchi kama zetu ukasema sindano hizi ziliongeza vifo vya watoto. Ukaja mwingine ukasema zinaokoa. Wanafunzi niwaambie nini?

---

Malisho:

Nachukua la kwanza, maana ndilo tamu.

Liggins alizaliwa 1926 katika mji mdogo wa Thames, akasomea udaktari Otago, kisha akawa daktari wa uzazi katika hospitali ya National Women's, Auckland. Pale pale alikuwepo William Liley, yule wa kwanza kumwongezea damu mtoto akiwa bado tumboni, mwaka 1963. Kwa hiyo wazo la kumtibu mtoto kabla hajazaliwa halikuwa ndoto ya mtu mmoja. Lilikuwa mazungumzo ya kila siku katika korido za hospitali hiyo.

Swali la Liggins lilikuwa hili: nani anayeanzisha uchungu, mama au mtoto? Alifikiri akishajua swichi iko wapi, ataweza kuizima pale inapowashwa mapema. Mapafu hayakuwemo kwenye mpango.

Fununu ilitoka kwa wafugaji. Huko magharibi mwa Marekani kuna mmea wa porini, *Veratrum californicum*. Kondoo akiula siku ya 14 ya mimba, mwanawe huumbika na jicho moja katikati ya uso, na tezi ya pituitari ama haipo ama haifanyi kazi. Wachungaji walikuwa wameona na jambo la pili: mimba hizo hazifiki tamati. Siku za kuzaa zinapita, mtoto anaendelea kukua, mama hapati uchungu. Ukiliangalia hilo kwa utulivu, linakuelekeza kwa mtoto. Mama ni mzima, mfuko wa uzazi ni mzima, kilichokosekana ni tezi moja ndani ya kichwa cha mtoto.

Liggins akaenda Chuo Kikuu cha California, Davis. Akiwa na watafiti wenzake Kennedy na Holm, walipasua kondoo wenye mimba, wakaunguza kwa umeme pituitari ya kijusi, wakashona, wakasubiri. Uchungu haukuja. Hiyo ilichapishwa 1967. Aliporudi kwao akageuza jaribio kichwa chini miguu juu: badala ya kuondoa, akaongeza. Aliingiza mrija mwembamba kwa kijusi, akawa anapitisha homoni ya pituitari inayoamsha tezi za adrenali. Kondoo akazaa kabla ya siku zake. Akapitisha kotisoli yenyewe, ile homoni inayotolewa na adrenali, jibu likawa lile lile. Akapitisha deksamethazoni, vilevile. Mnyororo ukaeleweka: pituitari ya mtoto, adrenali ya mtoto, kotisoli, uchungu.

Wanafunzi watauliza kwa nini kondoo na si panya. Mimba ya kondoo ni siku 147 hivi, kijusi ni kikubwa kiasi cha kuwekewa mrija kwenye mshipa, na mfuko wake wa uzazi huvumilia kupasuliwa na kushonwa bila kutupa mimba papo hapo. Panya humpati hivyo. Na New Zealand ukikosa kondoo basi umetaka mwenyewe.

Sasa sogea karibu uone. Mwanakondoo aliyezaliwa siku ya 117 hivi hana mapafu ya kupumulia. Ni mapema mno, anatakiwa awe amekufa muda mfupi baada ya kutoka. Mmoja wa wale waliopitishiwa deksamethazoni alikutwa akiwa hai, anapumua kwa shida lakini anapumua. Alipokufa na kupasuliwa, mapafu yalikuwa yameingia hewa sehemu. Mapafu ya umri ule hufanana na ini: yamejaa, mazito, ukiyatia majini yanazama. Haya hayakuwa hivyo. Liggins alikuwa na jibu la swali lake la uchungu mkononi, angeweza kuliandika akamaliza. Katika makala yake ya 1969 akaweka na hilo la mapafu, akapendekeza kwamba huenda steroidi (kundi lenye kotisoli na deksamethazoni) inaharakisha kutengenezwa kwa sufakitanti, ule utando unaosaidia vifuko vya hewa vya mapafu kubaki wazi.

Tahadhari kwa mwalimu: usiwaache wanafunzi wakidhani steroidi itamwanzishia mama uchungu kama kwa kondoo. Kondo la nyuma la kondoo lina kimeng'enya ambacho kikiamshwa na kotisoli huanza kugeuza projesteroni kuwa estrojeni, na hapo ndipo uchungu unapotokea. Kondo la binadamu halina njia hiyo. Yaani lile alilolitafuta kwa kondoo halikumfaa binadamu kwa namna alivyotarajia, na lile aliloliona pembeni ndilo lililovuka.

---

Jedwali_2x2:

Malisho kamaliza, mimi nachukua la pili.

Kwanza mazingira. Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha 1959 kwamba njiti wanaokufa kwa kushindwa kupumua wana upungufu wa sufakitanti, ule utando wa mafuta na protini unaozuia vifuko vya hewa kunata vikiwa vimeshuka. Lakini kujua si kutibu. Agosti 1963 mtoto wa Rais Kennedy, Patrick, alizaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati akiwa na kilo 2.1 hivi, akafa kwa tatizo hilo siku mbili baadaye. Mtoto wa ukubwa huo leo hospitali ya mkoa yenye vifaa vya kawaida inamtoa salama mara nyingi.

Ross Howie, daktari wa watoto, ndiye aliyeungana na Liggins kupanga jaribio. Mtajeni Howie darasani, wengi humsahau. Walianza kuandikisha kina mama mwishoni mwa 1969, mwaka ule ule wa makala ya kondoo. Mpango wenyewe:

Mama yeyote aliyetishiwa kujifungua kabla ya wiki 37, au aliyepangiwa kuzalishwa kabla ya hapo. Mgawanyo kwa bahati nasibu. Kundi la dawa: betamethazoni, ndugu wa deksamethazoni, miligramu 12 kwenye msuli (nusu fosfeti, nusu asetati), nyingine baada ya saa 24. Kundi la ulinganisho halikuchomwa maji matupu. Walichomwa kotisoni asetati miligramu 6, ambayo kwa macho inafanana na ile dawa lakini nguvu yake ni kama sehemu moja ya 70. Hivyo mchomaji na mchomwaji wote hawakujua kilichomo.

Uchungu waliuchelewesha kwa dripu ya ethanoli au salbutamoli, ili dawa ipate saa 48 hadi 72 za kufanya kazi. Ndiyo, ethanoli, pombe kwenye mshipa. Ndiyo ilikuwa desturi ya enzi hizo.

Ripoti ya 1972 ilikuwa na kina mama 282. Kwa wale 213 ambao uchungu ulianza wenyewe:

Vifo vya mapema vya watoto: asilimia 3.2 kwa waliopata dawa, asilimia 15.0 kwa wasiopata.

Ugonjwa wa kushindwa kupumua: asilimia 9.0 dhidi ya 25.8.

Na tofauti hiyo ya kupumua yote ilikaa kwa watoto wa chini ya wiki 32 ambao mama zao walikuwa wameanza dawa angalau saa 24 kabla: asilimia 11.8 dhidi ya 69.6. Hapo ndipo penye jibu la saa 24 za wanafunzi wako. Hazikutoka hewani, zimetoka kwenye jedwali hili.

Ukitoa 3.2 kwenye 15.0 unabaki na 11.8. Msiichanganye na ile 11.8 ya hapo juu, zimefanana kwa bahati tu, na nimeshaiona ikikosewa kwenye vitini. Maana yake ni kwamba kwa kila kina mama 8 au 9 waliochomwa, mtoto mmoja zaidi alipona. Kwa sindano mbili.

---

Kabati_la_Nyaraka:

Swali la tatu halina mkosaji mmoja.

Ripoti ile ile ya 1972 ilitaja wasiwasi kwamba kwa kina mama wenye shinikizo kubwa la mimba pamoja na kuvimba na protini kwenye mkojo, huenda watoto zaidi walifia tumboni. Idadi ilikuwa ndogo mno kutoa hukumu, lakini madaktari walishika sentensi hiyo kwa mikono miwili. Majaribio ya baadaye hayakuithibitisha. Brazil walifanya jaribio mahususi kwa kina mama 218 wenye shinikizo kali la mimba, likachapishwa 1999, watoto wakafaidika.

Pili, majaribio yaliyofuata miaka ya 1970 na 1980 yalikuwa madogo madogo. Moja linasema inasaidia, lingine linasema "hakuna tofauti ya kitakwimu", na msomaji wa haraka anasoma hiyo kama "haisaidii". Ni kosa la kusoma. Jaribio dogo likikosa kuona tofauti, huenda halikuwa na macho ya kuiona. Patricia Crowley wa Dublin ndiye aliyeyakusanya. Uchambuzi wa 1990, akiwa na Chalmers na Keirse, ulijumlisha majaribio 12, na jibu likawa halina ubishi. Nembo ya Cochrane, shirika linalokusanya na kuchambua tafiti za tiba, ambayo wanafunzi wanaiona kila siku bila kujua ni nini, ile yenye vistari vya mlalo na almasi chini yake, ndiyo hii habari: vistari saba ni saba kati ya majaribio hayo ya sindano hizi. Vingi vinagusa mstari wa katikati, yaani wa "hakuna tofauti"; almasi, ambayo ni jumla yao, haigusi. Ichoreni ubaoni, inatosha nusu ya kipindi.

Tatu, watu waliogopa ya mbeleni: akili, moyo, sukari. Waliozaliwa katika jaribio la Auckland walifuatiliwa hadi miaka 30, matokeo yakachapishwa 2005. Hakukuwa na tofauti ya shinikizo la damu, mafuta wala magonjwa ya moyo. Kilichoonekana ni insulini kufanya kazi kwa uvivu kidogo wakati wa kipimo cha glukosi.

Nne, na hili husemwa kwa sauti ya chini: miaka ya 1980 ndiyo sufakitanti ya kuwekwa moja kwa moja kwenye koo la hewa ilipoanza kutumika, Fujiwara wa Japani akiwa ameripoti watoto 10 mwaka 1980. Mashine za kupumulia nazo zikaboreka. Kitu kipya chenye mashine kinavutia macho kuliko ampuli ya bei rahisi anayochomwa mama.

Liggins mwenyewe hakukaa kuwasubiri. Alihamia maswali mengine, hata Antaktika alikwenda kuchunguza sili wa Weddell, namna mapafu yanavyobanwa wanapozama na kufunguka tena wakiibuka. Ukitazama, ni swali lile lile la vifuko vya hewa, kwa mnyama mwingine. Akafa 2010.

---

Ampuli_Nusu:

Naingia wodini, wengine watajazia.

Kwa nini si prednisoloni wala haidrokotisoni. Kondo la nyuma lina kimeng'enya kinachoua makali ya kotisoli ya mama isimfikie mtoto. Haidrokotisoni na prednisoloni zinakamatwa pale pale, sehemu kubwa haivuki. Deksamethazoni na betamethazoni zinapita zikiwa bado na nguvu. Kwa hiyo "zimeisha hizi, mpe haidrokotisoni ya kwenye trei ya pumu" ni sawa na kutompa mtoto kitu. Vidonge vya deksamethazoni navyo havitumiki kwa kazi hii, ni sindano ya msuli.

Kwa nini mara nne. Deksamethazoni fosfeti inaisha mwilini haraka, kwa hiyo miligramu 6 kila baada ya saa 12, mara nne, jumla 24. Betamethazoni ya mchanganyiko ina sehemu ya asetati inayokaa msulini ikitoka polepole, ndiyo maana yenyewe ni miligramu 12 mara mbili tu, saa 24 kati yake. Jumla ni ile ile 24. Kiasi hicho kinatosha kujaza sehemu kubwa ya vipokezi vya steroidi kwenye mapafu ya mtoto. Ukizidisha hupati mapafu bora zaidi, unapata sukari ya mama iliyopanda.

Kuvuta dawa. Hapa ndipo makosa yalipo. Ampuli nyingi za kwetu ni miligramu 4 kwa mililita. Miligramu 6 ni mililita 1.5. Kama ampuli ni ya mililita 1, unavunja mbili, unavuta moja yote na nusu ya pili. Mtu akiwa na haraka anavunja moja, anachoma miligramu 4, anaandika 6. Kama ampuli ni ya mililita 2, yaani miligramu 8, unabakiza nusu mililita na kuitupa. Usiiache kwenye trei "ya dozi ijayo": saa 12 ampuli ikiwa wazi juani dirishani hiyo si dawa tena, ni mlango wa vijidudu.

Saa. Andika kwa mfumo wa saa 24, tafadhali. Faili likiandikwa "saa 8" kuna atakayesoma saa nane mchana na atakayesoma 08:00. Tofauti ni saa sita, nusu ya muda kati ya dozi. Dozi ya kwanza Jumatatu 20:00, ya pili Jumanne 08:00, ya tatu Jumanne 20:00, ya nne Jumatano 08:00. Andika zote nne tangu mwanzo, mwachie anayechoma nafasi ya kusaini.

Saa 24 ni tangu ya kwanza. Si tangu ya mwisho. Steroidi inaingia kwenye chembe, inaamsha jeni, jeni zinatoa vimeng'enya, vimeng'enya vinatengeneza sufakitanti, na kuta za vifuko zinakuwa nyembamba huku maji ya ndani yakianza kunyonywa. Hiyo ni kazi ya kiwandani, haiishi dakika kumi. Faida kubwa ni kuanzia saa 24 hadi siku 7. Lakini usiache kumpa mama kwa sababu unaona atajifungua baada ya saa sita. Dozi moja ni bora kuliko sifuri.

---

Kengele_ya_Darasa:

Asante sana @Ampuli_Nusu, hilo la "saa 8" naliweka kwenye slaidi ya kwanza. Swali dogo: vituo vingi nimekuta wanachoma deksamethazoni 12 mara mbili, saa 12 kati yake. Wanasema jumla si ile ile 24? Kuna ubaya?

---

Ampuli_Nusu:

Jumla ni ile ile, mpangilio sio. Hapo wamechukua ratiba ya betamethazoni wakaibandika kwenye deksamethazoni, na muda wakaukata nusu. Kilichopimwa kwenye majaribio na kuandikwa kwenye mwongozo wa WHO ni 6 kila saa 12 mara nne. Sababu inayotolewa huwa ni "mama atatoroka kabla ya dozi ya nne" au zamu hazitoshi. Hilo ni tatizo la zamu, litatuliwe kama tatizo la zamu.

Na mambo mengine ya kuangalia baada ya kuchoma, kwa kifupi: mama mwenye kisukari sukari yake itapanda kwa siku kadhaa, apimwe mara kwa mara na insulini irekebishwe. Chembe nyeupe za damu hupanda zenyewe kwa sababu ya steroidi, usikimbilie kusema ni maambukizi kwa hicho kipimo peke yake, angalia joto, mapigo, harufu ya maji na tumbo kuuma. Mtoto anaweza kucheza kidogo kuliko kawaida kwa siku mbili tatu, na mchoro wa mapigo yake ukatulia. Hayo hupita.

Chupa ikipasuka mapema bila dalili za maambukizi, dawa inatolewa. Kama maambukizi ndani ya mfuko wa uzazi yako wazi, mwongozo unasema usimpe: antibayotiki, na mtoto atoke.

---

Tepu_ya_Tumbo:

Swali la nne. Ni tafiti mbili, na zote mbili Kenya ilikuwemo, kwa hiyo si habari za mbali.

Ya kwanza, ACT, ilichapishwa kwenye jarida la Lancet 2015. Nchi sita: Argentina, Guatemala, India, Kenya, Pakistan na Zambia. Walichojaribu hasa haikuwa dawa, ilikuwa ni kuisambaza hadi ngazi ya chini, kwa wakunga wa zahanati na vijijini. Umri wa mimba ulikadiriwa kwa hedhi ya mwisho, na pale mama asipokumbuka, kwa tepu ya rangi inayopima kimo cha tumbo. Watoto wadogo sana kwa uzito hawakupata faida. Na ukiwachukua watoto wote waliozaliwa, vifo vilikuwa 27.4 kwa kila 1,000 upande wa mpango, dhidi ya 23.9 upande wa pili. Maambukizi kwa kina mama nayo yaliongezeka.

Ya pili, ACTION-I ya WHO, 2020. Hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, kina mama 2,852, wiki 26 hadi kabla ya kutimiza 34. Dawa ile ile, dozi ile ile, 6 mara nne. Vifo vya watoto wachanga asilimia 19.6 dhidi ya 23.5. Jaribio lilisimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa imeshaonekana. Maambukizi kwa kina mama hayakuongezeka.

Kwa hiyo "tuamini upi" si swali lenyewe. Dawa haikubadilika. Kilichobadilika ni vitu viwili: umri wa mimba ulipimwaje, na mtoto alizaliwa wapi. ACTION-I walitumia ultrasaundi, na hospitali zilikuwa na watu wa kumhudumia njiti: kumpumulisha, kumpa joto kifuani kwa mama, kumlisha kwa mrija, antibayotiki, na kifaa cha kusukuma hewa puani. ACT wengi waliochomwa hawakuwa na watoto njiti. Mtoto wa wiki 36 mwenye tumbo la mama linaloonekana la 32 anapata hasara ya dawa bila faida yake.

Hasara hiyo si nadharia. Jaribio la Marekani la 2016 kwa wiki 34 hadi 36 lilipunguza matatizo ya kupumua, lakini sukari ya mtoto kushuka iliongezeka: asilimia 24.0 dhidi ya 15.0. Hospitali yenye kipimo cha sukari kitandani inaliona na kulitibu. Nyumbani usiku mama anaona mtoto mpole, halii, amelala tu. Ndiyo sababu mpaka wa wiki 34 usiuchukulie kama urasimu.

Wafundishe kukokotoa kwa mkono, maana simu huzimika. Hedhi ya mwisho imeanza 10 Machi: ongeza siku 7, punguza miezi 3, makisio ni 17 Desemba. Leo ni 20 Septemba? Siku 21 zilizobaki za Machi, 30 za Aprili, 31 Mei, 30 Juni, 31 Julai, 31 Agosti, 20 za Septemba, jumla 194. Gawanya kwa 7: wiki 27 na siku 5. Huyo anachomwa. Lakini akisema "nadhani ilikuwa Machi, au Aprili, wakati wa mvua", huna tarehe, una majira. Hapo mtafute aliyempiga ultrasaundi mapema. Picha ya kabla ya wiki 24 inaaminika. Ile ya miezi ya mwisho inaweza kupotoka hadi wiki tatu, na wiki tatu ndizo zinazotenganisha anayehitaji dawa na asiyeihitaji.

---

Malisho:

Nyongeza kwa Tepu. Kwenye kituo kisicho na huduma ya njiti, gari la wagonjwa likiwa na mama ndani ni salama kuliko likiwa na njiti ndani. Mfuko wa uzazi haujapata mshindani kwa kusafirishia. Kwa mimba ya chini ya wiki 34, nifedipini hutumika kupunguza kasi ya uchungu ili apate muda wa dawa na safari, mradi hakuna maambukizi wala damu inayotoka, na rufaa iandikwe saa ya dozi. Kama dozi ya kwanza imetolewa kwenye kituo na haikuandikwa, hospitali ya rufaa wataanza upya.

---

Mama_Mtarajiwa_2:

Samahani kuwaingilia wataalamu. Mimi nina wiki 29, sina dalili yoyote, ila wa kwanza nilimzaa wiki ya 33. Naweza kununua hizi sindano duka la dawa nikachomwa mapema kwa tahadhari?

---

Ampuli_Nusu:

Hapana dada, usichomwe. Nguvu yake kubwa ni ndani ya siku 7. Ukichomwa leo ukajifungua wiki ya 33, utakuwa umeshapitwa, na kurudiarudia dozi hakufai: mwongozo unaruhusu kurudia mara moja tu, pale siku 7 zimepita na hatari ya kujifungua bado ipo. Kwa historia yako, unachohitaji sasa ni hivi: mwambie mkunga wako kliniki kwamba wa kwanza alikuwa wa wiki 33, aandike juu ya kadi mahali panapoonekana. Tunza karatasi ya ultrasaundi yako ya kwanza ndani ya kadi hiyo hiyo. Jua hospitali ipi karibu nawe ina wodi ya njiti. Maji yakitoka, tumbo likikaza na kuachia kwa mpangilio, mgongo wa chini ukiuma kwa vipindi, au ukiona damu, nenda hospitali hiyo moja kwa moja, hata kama ni usiku.

---

Mama_Mtarajiwa_2:

Nashukuru. Karatasi ya kwanza ni ya wiki 11, ninayo.

---

Tepu_ya_Tumbo:

Wiki 11 ni nzuri sana. Zilizofuata zikikupa tarehe tofauti, usikubali ibadilishwe. Ya kwanza ndiyo inashika.